Uingereza Ilipotoka Katika Umoja wa Ulaya

Chukua mfano wa chama cha ushirika. Wanachama wana ghala moja, mzani mmoja na lori moja. Siku moja mwanachama mmoja anasema, "Mimi natoka." Haki ya kutoka anayo. Lakini maswali yanaanza hapo hapo. Deni la lori atalipa nani? Pamba yake ataipima wapi? Je, atapata bei ile ile?

Uingereza ilikutana na maswali kama hayo. Tuone ilikuwaje.

UMOJA WA ULAYA NI NINI?

Mwaka 1957 nchi sita za Ulaya zilitia sahihi mkataba wa kufanya biashara pamoja. Baadhi yao zilikuwa zimepigana vita vikali vilivyokwisha mwaka 1945. Zilitaka biashara ishike mahali pa vita. Uingereza ilijiunga mwaka 1973. Baadaye wanachama walifika 28.

Ndani ya Umoja, bidhaa hupita mpakani bila ushuru wa forodha. Mwananchi wa nchi moja anaweza kwenda kufanya kazi nchi nyingine. Lakini kila nchi hutoa mchango wa fedha, na hufuata sheria zilizotungwa kwa pamoja.

WALIBISHANA JUU YA NINI?

Waliotaka kutoka walisema hivi: Sheria zetu tutunge wenyewe. Wageni wanaoingia tuwahesabu wenyewe. Samaki wa bahari yetu tuvue wenyewe. Na fedha tunazochanga zitumike hapa nyumbani.

Waliotaka kubaki walijibu: Wanunuzi wetu wakubwa wako Ulaya. Tukitoka, mizigo itasimamishwa mpakani. Viwanda vitaumia na kazi zitapungua.

Je, kila kilichosemwa kilikuwa kweli? La. Waliotaka kutoka waliandika kwenye basi kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Hesabu hiyo haikutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa. Wala haikutoa fedha zilizorudi kwa wakulima na mikoa yenye shida. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema namba ile inapotosha. Kwa upande mwingine, Wizara ya Fedha ilionya kwamba wakipiga kura ya kutoka, uchumi utaanguka mara moja. Haukuanguka mara moja. Basi pande zote mbili zilitia chumvi.

KURA

Tarehe 23 Juni, 2016, wananchi walipiga kura ya maoni. Swali lilikuwa moja: kubaki au kutoka? Waliosema kutoka walikuwa karibu 52 katika kila 100. Waliosema kubaki walikuwa 48.

Kumbuka kwamba Uingereza ni muungano wa sehemu nne. England na Wales zilitaka kutoka. Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki. Hivyo hata ndani ya nyumba hawakuwa na kauli moja.

KAZI NGUMU ILIKUJA BAADAYE

Kura ilisema "toka." Haikusema watoke kwa njia gani. Mwaka 2019 Bunge lilikataa mapatano ya Waziri Mkuu Theresa May mara tatu, naye akajiuzulu. Nchi ilitoka tarehe 31 Januari, 2020, chini ya Boris Johnson. Ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa mpaka wa Ireland. Ireland ya Kaskazini imo Uingereza. Jamhuri ya Ireland imo katika Umoja. Hapo zamani watu zaidi ya 3,500 walikufa katika machafuko ya miaka 30, mpaka amani ikapatikana mwaka 1998. Watu waliogopa kwamba vizuizi vikirudi barabarani, chuki nayo itarudi. Mwishowe ilikubaliwa bidhaa zikaguliwe zinapotoka sehemu nyingine za Uingereza kuingia Ireland ya Kaskazini. Mpaka wa barabarani ukabaki wazi. Lakini baadhi ya wakazi walilalamika kwamba sasa wametengwa na nchi yao wenyewe.

Na samaki je? Wavuvi waliongezewa sehemu yao, lakini si yote waliyotarajia. Mwaka 2025 pande mbili zilikubaliana meli za Umoja ziendelee kuvua bahari ya Uingereza hadi mwaka 2038.

Hata Afrika Mashariki iliguswa. Kenya huuza Uingereza chai, maua na mboga. Zamani biashara hiyo ilifuata mipango ya Umoja wa Ulaya. Ilibidi Kenya itie sahihi mapatano mapya na Uingereza mwezi Desemba 2020, ili mazao hayo yasitozwe ushuru.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mpaka leo Waingereza wengine husema walifanya vizuri kutoka, wengine husema walikosea. Hiyo ni haki yao. Lakini sisi tushike jambo moja. Mtu akikuambia "tutoke" au "tubaki," usitosheke na neno hilo moja. Muulize: Kwa njia gani? Nani atalipa? Jirani yetu aliye mpakani ataishije? Namba ulizotaja umezipata wapi? Wewe sasa unajua kusoma. Soma, uliza, ndipo upige kura.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kura ya mwaka 2016 haikumaliza ubishi?
2. Mwanachama akitoka katika ushirika wenu, ni mambo gani ya kupatana kwanza?
3. Utajuaje kwamba namba uliyoambiwa ni ya kweli?