Kuvunjika, Kufunga na Kujitoa: Maneno ya Ugomvi wa Mpaka wa Mwaka 1977

Mombo si mji wa mpakani. Umekaa chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe, mahali ambapo barabara ya Lushoto huachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha na kuanza kupanda. Msafiri atokaye hapo kutafuta forodha ya Kenya ana mwendo mrefu mbele yake, ama aende Holili, ama ashuke Tanga na kushika njia ya Horohoro. Walakini habari za reli ya Mombo ni habari za mpaka. Wadachi waliifikisha hapo kutoka Tanga mwaka 1905, wakaifikisha Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, Waingereza walijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta, nayo ikaungana na ile ya Tanga hapo Kahe. Tangu hapo hata mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu na Mnyusi, reli ipitayo Mombo haikuwa na mahali pa kuungana na reli nyingine yo yote ila pale Kahe. Yaani mzigo uliopakiwa Mombo uliweza kufika Mombasa na Nairobi kwa reli, na haukuweza kufika Dar es Salaam.

Si ajabu, basi, kwamba katika sehemu hizo, kama katika Tanzania nzima, watu wa makamo na wazee hupima miaka kwa sentensi moja: “Jumuiya ilipovunjika, mpaka ukafungwa.” Sentensi hii yafaa kutazamwa na wanafunzi wa lugha, kwa kuwa ina vitenzi viwili katika kauli mbili zilizo tofauti, na kwa kuwa mpango wake wa mambo si mpango wa tarehe.

Kwanza tarehe. Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, na makao yake yakawa Arusha. Ulirithi kazi za vyombo vilivyoutangulia, cha mwaka 1948 na cha mwaka 1961: reli, bandari, posta, ndege, forodha. Sababu za kudhoofika kwake zimeandikwa mara nyingi na hapana haja ya kuzirudia zote. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda mwaka 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na Baraza la wakuu watatu wa nchi halikukutana tena. Tena kulikuwa na ugomvi wa siku nyingi juu ya nani apata faida kubwa kuliko mwenziwe. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikoma kuruka na Kenya ikaanzisha shirika lake. Tarehe 4 Februari 1977 Serikali ya Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Lakini Jumuiya yenyewe haikuwa imekwisha siku hiyo. Ilikwisha mwishoni mwa Juni, nchi wanachama ziliposhindwa kuupitisha mpango wa fedha wa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mpaka ulifungwa kabla Jumuiya haijavunjika, kwa muda wa miezi karibu mitano. Sentensi ya wazee imepindua mambo hayo, na upinduzi huu si wa bure. Anayesema kwamba Jumuiya ilivunjika kisha mpaka ukafungwa, aufanya ufungaji kuwa matokeo. Anayeshika tarehe aweza kuufanya kuwa mojawapo ya sababu. Huko Kenya wako waliosema hivyo tangu zamani. Na huko Tanzania hujibiwa kwamba kilichovunjika kilikwisha kuvunjika moyoni, na ndege zilipotua mara ya mwisho, mpaka ulikuwa umebaki kufuata. Hoja hii ya pili haiwezi kupuuzwa. Lakini ni hoja, wala si tarehe.

Sasa vitenzi. Mtoto aliyeangusha kikombe hamwambii mama yake kwamba kikombe kimevunjwa, amwambia kimevunjika. Kauli ya kutendwa humwacha mtendaji nyuma ya mlango, na mtu aweza kuuliza, “Kimevunjwa na nani?” Kauli ya kutendeka humfuta kabisa, kuuliza “kimevunjika na nani” si Kiswahili. Hapo ndipo ilipo faida ya neno kuvunjika kwa pande zote mbili za ugomvi wa 1977. Mkenya na Mtanzania waliweza kuketi meza moja na kuzungumza juu ya Jumuiya iliyovunjika, kila mmoja akiwa na jina la mvunjaji mfukoni mwake, bila kulitoa. Wasingeweza kukaa hivyo hivyo na Jumuiya iliyovunjwa. Hata dibaji ya mkataba mpya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, yautaja mwisho wa ule wa kwanza bila kumtaja aliyeumaliza, kisha yahesabu sababu: upungufu wa nia ya kisiasa, wananchi na wafanya biashara kutoshirikishwa, na mgawanyo wa faida usio sawa. Sababu zimo, mtendaji hayumo.

Mpaka, kwa upande wake, haukufungika. Ulifungwa. Wasemaji wale wale wanaomficha mtendaji katika nusu ya kwanza ya sentensi humwachia nafasi katika nusu ya pili, kwa kuwa yeye hana ubishi: aliyefunga ajulikana, na alifunga kwa kutaka. Kauli hizi mbili katika sentensi moja zaonyesha kwamba msemaji wa kawaida, asiyesoma sarufi, apambanua barabara kati ya tendo lenye mwenyewe na tendo linalogombewa. Mwenye kufundisha minyambuliko ya vitenzi hatapata mfano mzuri kuliko huu katika vitabu vya shule, ambavyo bado vyavunja vikombe.

Tena kitenzi kilichochaguliwa mwaka 1977 kilifunga mkono wa waliokuja baadaye. Kufunga kuna kinyume chake katika mzizi ule ule, yaani kufungua. Na mpaka ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha na kupatana. Hapakuhitajika neno jipya. Kuvunja hakuna kinyume cha namna hiyo. Kilichovunjika hakivunjuki; huungwa, au huundwa upya. Waliosema kwamba Jumuiya ilikufa, nao si wachache, hawakuwa na budi kusema mwaka 1999 kwamba imefufuliwa. Waliosema ilivunjika walisema imeundwa upya, au kwamba hii ni Jumuiya mpya. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ina uzito: kinachofufuliwa ni kile kile, na chaweza kudaiwa madeni yake ya zamani, kinachoundwa upya huanza na hesabu safi. Kwa kweli madeni yalikwisha kupatanishwa kabla. Msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi, alishughulika na mali ya Jumuiya kwa miaka kadhaa, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 14 Mei 1984, Kenya ikipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26.

Matusi ya wakati ule yangestahili makala yake yenyewe. Watanzania waliwaita majirani zao manyang'au na watu walao wenzao. Upande wa pili ukajibu kwamba afadhali hao kuliko watu wasio na kitu cha kula. Neno magendo nalo lilikua sana katika miaka hiyo. Lina sura ya ule mzizi -genda ambao katika lugha nyingi za Kibantu maana yake ni kwenda, na ambao katika Kiswahili sanifu umeipoteza g yake. Mpaka ukifungwa, mwendo wa kawaida huwa kosa, na kosa hilo hupewa jina la mwendo.

Lakini neno kubwa ni mpaka lenyewe. Lina jamaa yake katika kitenzi kupakana, na kitenzi hiki ki katika kauli ya kutendana. Hakuna nchi inayopakana peke yake, kama vile hakuna mtu anayepigana au kupatana peke yake. Lugha yenyewe, basi, yauhesabu mpaka kuwa jambo la watu wawili. Hivyo ndivyo ulivyo mpaka wa shamba. Kilimanjaro na Upare hupandwa masale kwenye mpaka wa kihamba au shamba, na upandaji wataka majirani wa pande zote mbili wawepo, maana sale lililopandwa na mmoja usiku halina ushahidi. Kufunga ni kinyume cha hayo, kwani mmoja atosha. Ugomvi wa 1977 wote umo katika msiguano huu wa maneno mawili: kitu cha kutendana kilitendwa na upande mmoja.

Lipo na jambo jingine. Mpaka hutumika pia kama kihusishi, cha mahali na cha wakati: kutoka Tanga mpaka Moshi, mpaka kesho, mpaka lini. Wako walimu wasioupenda mtumizi huo, wakatoa shauri kwamba mpaka ubaki kuwa jina na hadi litumike mahali pake. Wamesahau kwamba hadi lenyewe ni hadd ya Kiarabu, nayo maana yake ni mpaka. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimefika mahali pamoja: kikomo cha ardhi kimekuwa kikomo cha safari, kisha kikomo cha wakati. Katika maana hii mpaka si ukuta bali ni pale mtu anapofika.

Mstari ambao Tanzania iliufunga haukuwa wa aina hiyo. Ulikatwa na Waingereza na Wadachi katika mapatano ya mwaka 1886, ukianza pwani karibu na mto Umba, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro na kwenda hata ziwa Viktoria. (Hadithi ya kwamba Malkia wa Uingereza aliutoa mlima huo kama zawadi ya ukoo husimuliwa sana na watembezaji wa wageni, mapatano hayo hayana habari zake.) Wadigo, Wasegeju na Wamasai walijikuta pande mbili. Pale Mombo wenyeji walikuwa na mpaka mwingine wa kale zaidi: Washambaa hupambanua shambaai, yaani nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika iliyo chini. Mtu aliyeteremka kutoka Lushoto alijua amevuka, ingawa hapakuwa na askari wala boriti la kuzuia gari. Mpaka huo haufungwi. Huvukwa tu.

Maneno haya yalirudi katika redio na magazeti ya Kiswahili kwa habari iliyotoka mbali. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura, na asilimia 52 hivi wakataka nchi yao isiwe tena katika Umoja wa Ulaya. Kuvunjika hakukufaa, kwa kuwa Umoja ulibaki na nchi 27. Kilichotumika zaidi ni kujitoa na kujiondoa, ambamo -ji- humweka mtendaji na mtendewa kuwa mmoja. Kwa mara hii, basi, mwenye tendo hakugombewa. Ubishi ulihamia kwenye mpaka. Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland hupakana kwa kilomita 500 hivi. Zote mbili zilikuwa ndani ya forodha moja, na mapatano ya amani ya mwaka 1998 yalitegemea sana njia kuwa wazi. Swali likawa: je, mtu aweza kujitoa bila kufunga? Bunge la London liliyakataa mapatano ya Theresa May mara tatu mwaka 2019, na kikwazo kikubwa kilikuwa sharti la kuuweka mpaka huo wazi hata ikiwa hapatapatikana njia nyingine.

Hapa watafsiri wanatakiwa kuwa na hadhari. Anayeandika “mpaka mgumu” kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno humfanya msomaji afikiri juu ya mpaka ulio mgumu kupimwa au kupandwa, kama wa milimani. Kinachokusudiwa ni mpaka wenye ukaguzi, na Kiswahili chaweza kusema hivyo waziwazi: mpaka wa forodha, na kinyume chake mpaka wazi. Wenyeji wa Holili na Namanga hawahitaji maelezo zaidi.

Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020. Katika mapatano yaliyotumika, Ireland ya Kaskazini ilibaki chini ya kanuni za Ulaya za bidhaa, na ukaguzi ukawekwa kwenye bandari, kwa mizigo itokayo Uingereza yenyewe. Ukapunguzwa kwa mapatano ya Windsor ya mwaka 2023. Wale wa Kaskazini wanaotaka kubaki na Uingereza walilalamika kwamba mpaka umetiwa baharini, kati yao na ndugu zao. Kwa lalamiko hilo Kiswahili kina kitenzi cha zamani, kilichotoka shambani: kusogeza mpaka. Mashambani ni kosa la kupelekwa kwa wazee, hata kama aliyesogeza ameacha njia ya kupita. Hakuna aliyesogeza mpaka mwaka 1977. Mstari wa 1886 ulibaki palepale ulipokuwa, na palepale ndipo ulipofunguliwa mwaka 1983. Ndiyo maana katika sentensi ya wazee wa Mombo neno hilo halimo.