Laxton, kijiji kinachokagua mipaka yake kila Novemba

“Umeshakuwa Mzungu sasa.” Ndivyo nilivyojibiwa kwenye grupu la ukoo, wajomba na mashangazi wote wakisoma, baada ya kuandika kwamba kesi yetu ya mpaka wa shamba, kama ingetokea Laxton, ingekuwa imekwisha zamani. Baba mdogo akaongeza kwamba Ulaya hakuna ujirani, kila mtu na geti lake na mbwa wake, sasa watajuaje habari za kulima pamoja? Pale sikumjibu, kwa sababu sijibizani na baba yangu mdogo mbele ya watoto wake. Ninajibu hapa, na ninamwomba asome mpaka mwisho, kwa sababu nilichokisema ninakijua.

Laxton ni kijiji kidogo cha Nottinghamshire, chini ya saa moja kwa gari kutoka mjini tunakoishi. Kina mtaa mmoja mkubwa, kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa moja iitwayo Dovecote, na nyumba za matofali mekundu zilizopangana barabarani. Ukipita haraka utadhani ni kijiji kama vijiji vingine vya huku. Lakini angalia nyumba za wakulima zilivyokaa. Kwingineko England mkulima anaishi peke yake katikati ya mashamba yake, na jirani wa karibu unamwona kwa mbali. Laxton wakulima wamebanana mtaani, trekta zinatokea uani kwao moja kwa moja, kwa sababu hakuna mwenye shamba lililokaa mahali pamoja. Mashamba yao yametawanyika kila upande wa kijiji, kwa hiyo njia fupi kwa kila mtu ni kukaa katikati.

Wana makonde makubwa matatu yasiyo na ua: West Field, Mill Field na South Field. Kila konde limekatwa ngwe ndefu, na mkulima mmoja ana ngwe zake kadhaa katika konde hili, nyingine katika lile, nyingine katika la tatu. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito, lakini haufanani kila mahali, kwa hiyo ngwe zikitawanywa hakuna anayepewa mabonde yenye maji peke yake wala anayekula udongo mzuri peke yake. Mwaka huu konde moja linapandwa ngano ya majira ya baridi, la pili mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri, na la tatu linapumzika au linaachiwa majani ya mifugo. Mwakani wanabadilisha. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaamua kupanda anachotaka kwenye ngwe yake, kwa kuwa ngwe yake imo ndani ya konde la wote.

Zamani sehemu kubwa ya katikati ya England ililimwa hivyo. Kisha wenye nguvu wakaanza kuzungushia ardhi ua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kazi hiyo, na ekari zipatazo milioni 6.8 zikaguswa, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England yote. Maskini aliyekuwa na ng’ombe mmoja akimlisha kwenye malisho ya pamoja aliamka akakuta ua. Wengi waliishia viwandani. Watu wa huku wakiniambia kwamba ardhi ya Afrika haina mwenyewe ndiyo maana haiendelei, huwa nawauliza kama wanajua ya kwao ilivyopata wenyewe.

Laxton iliokoka kwa sababu zisizo na utukufu wowote. Kubadilishana ardhi na kupima upya kuligharimu fedha nyingi, na makabaila wakubwa wa pale, ukoo wa Manvers na ule wa Scarbrough, hawakuafikiana. Miaka ikapita, jirani zao wote wakazungushia, wao wakabaki. Kijiji chenyewe ni cha kale sana. Kimeandikwa katika daftari la mali la mfalme William la mwaka 1086, na kaskazini mwake kuna kilima cha ngome ya Wanormani, majengo yameisha, limebaki tuta kubwa la udongo lililoota majani. Mwaka 1635 tajiri mmoja mfanyabiashara, Sir William Courten, aliyekuwa amekinunua, aliagiza kipimwe. Mpimaji Mark Pierce akachora ramani inayoonyesha ngwe zaidi ya 2,000, moja moja, pamoja na picha ndogo za watu wanaolima na wanaowinda. Ramani hiyo imehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Ngwe nyingi zimeunganishwa tangu hapo ili trekta zipite, lakini makonde matatu yako palepale.

Sasa nije kwenye jambo lililoniponza kwenye grupu. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho wa Novemba, jopo la wanakijiji walioapishwa linakwenda kulikagua konde lililopandwa ngano. Ni watu 12 na kiongozi wao. Wanapanda tela linalovutwa na trekta, wanashuka, wanatembea kwenye matope, wanapiga vigingi vya mbao kuonyesha ngwe ya fulani inakoishia na njia inakoanzia. Kati ya makonde kuna vipande vya majani visivyolimwa, hasa mabondeni, na haki ya kukata majani hayo hunadiwa. Ukikosea ukalima ukaingia kwenye majani hayo, au ukamega njia ya wote, jopo linaona na linaandika.

Tulipokwenda kutazama na watoto ilikuwa baridi ya kuuma masikio. Niliona mzee mmoja amesimama ukingoni mwa njia, anaangalia mstari wa plau kwa jicho moja kama mtu anayelenga manati. Akasogea hatua mbili, akauliza wenzake, wakabishana kidogo, mwingine akaleta kigingi kilichochongwa ncha, kikapigwa kwa nyundo kubwa. Hakuna aliyepandisha sauti. Mwenye ngwe alikuwepo palepale amevaa buti za mpira, na alikuwa mmoja wa wanajopo. Walipomaliza wakaenda kula.

Na wanakula baa. Hili naona nilieleze vizuri, maana kwetu neno hilo lina sura nyingine. Baa ya kijiji cha Kiingereza asubuhi inaweza kuwa na bibi anayekunywa chai na mbwa wake miguuni, mchana familia nzima inakula na watoto, jioni kuna kikao cha timu ya kriketi au mchango wa kutengeneza paa la kanisa. Ukitaka kujua nani amefiwa, nani anauza kuni, nani ameteguka mguu, unaulizia pale. Wengine wanaingia miaka nenda rudi na kuagiza maji ya matunda tu, na hakuna anayewasema. Mimi mwanzoni nilikuwa napita mbali. Sasa naingia na wanangu, tunaagiza supu na mkate, na sioni haya kulisema. Dovecote ndipo jopo linapopata chakula, na wiki moja baadaye ndipo mahakama yenyewe inapokaa. Kituo cha kuwaeleza wageni historia kiko ubavuni mwake.

Mahakama hiyo inaitwa Court Leet. Inaongozwa na mwakilishi wa mwenye ardhi, majina yanasomwa, asiyefika bila udhuru anatozwa peni chache, aliyemega njia anatozwa faini, kisha jopo la mwaka unaofuata linaapishwa. Faini zenyewe si za kumfilisi mtu. Kinachomkera mkulima ni kusikia jina lake likitajwa mbele ya majirani. Bunge lilipofuta mamlaka ya mahakama za kale za aina hii kwa sheria ya mwaka 1977, ya Laxton iliachwa iendelee.

Wakulima wenyewe wamebaki wachache na wengi wao ni wapangaji. Mwaka 1938 wanahistoria wawili, mume na mke wa ukoo wa Orwin, waliandika kitabu kilichokifanya kijiji kijulikane. Mwaka 1952 kabaila wa mwisho, Earl Manvers, akaiuzia Wizara ya Kilimo ardhi ya kijiji ili utaratibu usife. Mwaka 1981 ardhi ikahamishiwa kwa taasisi inayosimamia mali za Taji la Uingereza, na 2020 ikachukuliwa na Thoresby, mali ya warithi wa ukoo uleule wa zamani.

Huo mwaka 1952 unaniuma, na baba mdogo hapa tutakuwa pamoja. Wizara ya London inatoa fedha za umma kulinda namna ya kale ya kulima ya wakulima wa Nottinghamshire, na miaka hiyohiyo maofisa wa serikali hiyohiyo wako Mlalo, Usambara, wanawaamuru babu na bibi zetu wachimbe matuta kwenye milima kwa sababu eti hawajui kulima. Bibi alisimulia migongo ilivyokuwa inauma. Wasambaa walikataa, mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Nikisimama kwenye konde la Laxton nalikumbuka hilo, sijasahau nilikotoka.

Lakini mkoloni aliondoka 1961. Masale ya mpaka wa shamba letu hayakung’olewa na Mwingereza. Na sheria tunazo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wawe wanawake, kazi yao kupatanisha. Profesa Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba wanavijiji wanaweza kusimamia mali yao ya pamoja bila serikali wala tajiri, mradi wana kanuni zao, wanakagua wenyewe, na wanaadhibu kidogo kidogo kabla mambo hayajaharibika. Hapo kwenye kukagua ndipo ninapolia na kwetu. Kwetu hakuna anayekwenda shambani mpaka watu wameshatukanana. Baraza letu limeahirisha mara hii mwenyekiti anaumwa, mara hii kuna msiba, mara hii wadaiwa hawakuja, na kila likiahirisha jirani anaotesha mgomba mwingine upande wetu. Laxton wanakwenda kila mwaka hata kama hakuna mgomvi. Ndicho nilichosema kwenye grupu, na bado ninakisema.

Watoto wangu ndio wamenifanya nirudi Laxton zaidi ya nilivyopanga. Kifungua mimba alikuwa darasani wanasoma Wanormani, akaambiwa alete habari za ngome iliyo karibu na kwao. Yeye akaiacha ngome akachora makonde. Alikaa chini sebuleni na karatasi za rangi, kila mkulima rangi yake, akazikata ngwe akazitawanya, kisha akaniita nije nitafute kama kuna aliyepunjwa. Mwalimu wake alimwambia hajajibu swali. Nilimwambia mwalimu kwa heshima kwamba amejibu swali kubwa zaidi, na karatasi ile ikabandikwa ukutani.

Kitinda mimba hana habari na ngwe. Kwake Laxton ni trekta, na ni kile kilima cha ngome ambacho alikiviringikia mpaka chini akachafua koti jipya. Anauliza kama mfalme John aliwahi kuviringika pale. Huyu ndiye Kiswahili chake kinanitia wasiwasi. Anaelewa kila kitu lakini anajibu Kiingereza, na babu yake akipiga simu anakimbia. Dada yake angalau anajitahidi, hata kama matusi ndiyo aliyoyashika upesi alipokwenda likizo.

Tuna kipande cha kulima tunachokodi kwa halmashauri ya mji, pamoja na majirani wengine wengi, kila mtu na chake, na huko nimepanda mchicha, majani ya maboga na viazi. Binti alitaka sehemu yake. Mdogo wake naye akataka. Nikawapimia sawa. Siku ya pili binti ameshapiga vigingi, vijiti alivyochonga mwenyewe, ameandika na tarehe. Wiki haikuisha, mdogo wake akahamisha viwili ili apate nafasi ya kupitishia gari lake la mchezo. Ukawa ugomvi mpaka jirani yetu, mama mmoja Mpolandi mwenye nyanya nzuri kuliko za wote, akaacha kazi yake akaja kutazama. Binti akataka nimtoze mdogo wake faini. Mdogo wake akasema hatalipa, kwa sababu vigingi vilipigwa yeye hayupo.

Nilimwona ana hoja. Viazi vya mbegu vimeshachipua dirishani na haviwezi kungoja. Jumamosi baada ya madrasa tutapima upya, wote wawili wakiwepo, na mama Mpolandi amekubali kushika kamba.