Upepo ndio unaowapanga: siku moja kwenye kivuko cha Ottensheim

Kamba ya chuma imevutwa juu ya Mto Danube kutoka ukingo hadi ukingo, na kivuko cha Ottensheim, kaskazini mwa Austria, kimefungwa humo kwa nyaya. Hakisukumwi na injini. Nahodha hukiweka mshazari kidogo, na maji yenyewe, yaliyo na haraka ya kwenda Vienna, hukisukuma taratibu hadi Wilhering, ng'ambo ya pili. Hakuna moshi wala ngurumo. Unachosikia ni mawimbi yakipasuka ubavuni na kengele ya baiskeli ya mtoto asiyetulia. Chombo kikigeuka, kinalazwa upande mwingine, na mkondo uleule uliokipeleka ndio unaokirudisha. Nilivuka na kurudi bila sababu yoyote ya maana, nikitazama kamba tu.

Nilikuwa nimefika Linz, mji wa jirani, kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichoninasa gatini, mbali na kamba, ni maongezi ya watu. Walikuwa waendesha baiskeli wa lugha mbalimbali, kila mmoja na mikoba yake kwenye keria na safari yake mwenyewe, lakini walisalimiana kama majirani wa mtaa mmoja. Mzee mmoja aliulizwa goti limeamkaje. Mwingine alitaniwa kwa pancha ya jana. Wamejuana lini hawa?

Jibu nililipata kwa mama mmoja wa Tanga, muuguzi aliyeishi Ujerumani miaka mingi, aliyekuwa ameketi akimenya yai. Alikuwa amenisikia nikiongea kwa simu. "Mwanangu, sauti yako inafika Pangani," alisema, akanikaribisha nusu ya yai. Jina lake hakutaka liandikwe.

Kwa maelezo yake, anayewapanga watu hapa ni upepo. Mara nyingi huvuma kutoka magharibi, na mto nao unakwenda mashariki, kwa hiyo mwenye akili zake huanzia Passau, mpakani mwa Ujerumani, na kuteremka hadi Vienna, zaidi ya kilomita 300. Karibu wote mnaelekea upande mmoja. Asubuhi unampita mtu, mchana anakupita ukiwa unakula, jioni mnakutana mezani kwenye nyumba ileile ya wageni. "Hata ukimchukia huwezi kumkwepa," alisema. Wanaokuja kinyume hamna muda nao: vidole vinainuka kwenye usukani, salamu ya "Servus", wamekwisha. Hao, kwa mujibu wa mama, ndio wanaofaa ule msemo wa kwao Tanga, waja leo waondoka leo.

Njia yenyewe ya baiskeli ni sehemu ya ile ndefu inayotoka pwani ya Atlantiki, Ufaransa, hadi Bahari Nyeusi, Romania. Hapa Austria vipande vyake vingi vinafuata njia za farasi waliovuta mashua kupandisha mto kabla ya meli za mvuke. Farasi mwenye mzigo hataki mlima, ndiyo maana leo mtu wa miaka sabini hupita humo bila kuhema.

Mama ana mapenzi na vibao vya kilomita vilivyosimama ukingoni. Ipo mito inayohesabiwa toka juu. Danube huhesabiwa toka mdomoni, Sulina, inapoingia baharini. Basi kadiri unavyoteremka, namba zinapungua: Linz iko kwenye 2,135 hivi, Vienna 1,929. Yeye hutoa ahadi kwa namba. Majina ya vijiji yanamshinda mgeni kuyatamka, lakini kila mtu anaweza kusoma kibao. Akimwambia mtu wakutane 2,019, ameshamwita Spitz, bonde la Wachau, kwenye mizabibu na aprikoti, ambako kuna kivuko kingine cha kamba kama hiki. Anakwambia yupo aliyemsubiri pale mpaka giza likaingia.

Vivuko, anasema, ndivyo vinavyowasawazisha watu. Huko juu Schlögen, mto unapojipinda kama nyoka aliyekanyagwa, ukingo wa kushoto una mahali ambapo mwamba umeziba njia, na kipo kivuko kinachokwenda kwa urefu wa mto badala ya kuukata. Aliyefika mbio na aliyefika akichechemea wote wanasubiri. Siku hizi baiskeli za betri zimeanza kuvuruga hesabu: mwenye betri akikupita asubuhi, humuoni tena. Mama hana ugomvi nazo, zimewarudisha njiani wagonjwa wake wa zamani, ila idadi ya anaokutana nao mara ya pili imepungua.

Kisha akasema jambo ambalo sijalimaliza kichwani. Hospitalini wagonjwa humuuliza ametoka wapi, nao wanataka jibu la bara zima. Akiulizwa hivyohivyo kivukoni, jibu linalotakiwa ni kijiji alicholala jana. Nilitaka kujua kama ndicho kinachomleta kila mwaka. Alitafuna yai lake.

Mwaka mmoja alifuatana kwa siku kadhaa na mzee wa Kiholanzi aliyemtengenezea cheni mvuani. Anajua maradhi ya mke wa mzee yule, anajua dawa alizokuwa akinywa. Jina hajui. Nilimuuliza huo ni urafiki wa namna gani, na mzee yule akifa nani atamwambia. Alisema hakuna, kisha akaniuliza mimi ninao wangapi ambao ningeambiwa.

Nikambana na swali la mwisho: amewahi kupanda, Vienna hadi Passau? Amewahi. Upepo ulimpiga usoni, watu wengi wakampita kwa salamu ya sekunde mbili, lakini akapata rafiki mmoja, binti wa Kijerumani ambaye naye alikuwa akipanda. Walipokezana kukaa mbele kukata upepo, na binti yule hadi leo humwandikia.

"Basi hoja yako ya upepo imeanguka," nikamwambia.

"Imeangukaje? Ungekuwa unavuma nyuma yetu, tungepokezana nini?" Akafungua breki, akasukuma baiskeli kuingia kivukoni, na tulikuwa bado tunabishana tulipofika katikati ya mto.