MACHO YA MANJANO NA MGONGO UNAOUMA USIKU

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani mnaosoma ukurasa huu pamoja na bwana zenu,

Mara hii hatutasema habari ya kaske wala ya viatu vya kazi. Tutasema habari ya ugonjwa usioonekana mara nyingi, lakini ukija unakuja kwa kujificha. Ni kansa ya mfereji wa nyongo.

Baba mmoja, fundi wa mitambo, alikuja kwangu dispanseri akilalamika mgongo. Alisema: «Munganga, ni kazi tu. Miaka 20 ninainua vyuma.» Nilimwamini, sababu migongo ya namna hiyo tunaiona kila siku. Nikampa vidonge na siku 3 za kupumzika. Akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu alikuja pamoja na bibi yake, na ni yule mama aliyesema neno la maana: «Munganga, mgongo huu haumwumi sana akiwa kazini. Unamwuma usiku, akiisha lala. Tena, miezi 2 iliyopita macho yake yaligeuka manjano, tukanunua dawa ya malaria sokoni.»

Nikamwambia baba asogee penye dirisha. Macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Mikono ilijaa alama za kucha, kwa kujikuna. Kumbe nilitazama mgongo, sikutazama macho. Kosa hilo ni langu, na ndiyo sababu ninawaandikia.

Nyongo ni nini?

Ni maji machungu ambayo ini linatengeneza kila siku, nusu lita na zaidi. Yanapita katika mfereji mwembamba mpaka matumboni, yasaidie kuyeyusha mafuta ya chakula. Wenzetu wa pampu wanajua: bomba likiziba, maji ya shimo hayapotei, yanarudi na kujaa mahali watu wanapopita. Nyongo ni vilevile. Kansa ikiota ndani ya mfereji, nyongo inarudi katika damu. Ndipo mgonjwa anaona mambo haya:

— macho na ngozi vinakuwa manjano;
— mkojo unakuwa mweusi kama chai kali;
— choo kikubwa kinakuwa cheupe kama udongo wa kupaka nyumba;
— mwili wote unawasha, zaidi usiku;
— chakula hakitamaniki, na nguo zinaanza kulegea.

Angalieni sana: mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu. Mtu anasema «Siumwi», anaendelea na kazi. Lakini ni wakati huo ambapo munganga mpasuaji anaweza pengine kuondoa kansa yote. Baadaye njia hiyo inafungwa.

Lakini si kila macho ya manjano ni kansa. Malaria kali, ugonjwa wa ini unaoitwa hepatiti, mawe ya nyongo na ugonjwa wa damu wa SS vinaweza kuleta manjano pia. Kwa macho peke yake hakuna mtu anayeweza kuvitenganisha, hata mimi. Inafaa kupima damu na mkojo, na kutazama tumbo kwa ekografi.

Inafikaje katika mifupa?

Kansa ya nyongo inapenda kwanza kusambaa katika ini lenyewe na katika tezi za karibu. Lakini kwa wagonjwa wengine inasafiri na damu mpaka mifupani: uti wa mgongo, nyonga, mbavu, mapaja. Pale inakula mfupa kutoka ndani, kama nguzo ya shimo inayooza katikati huku nje inaonekana nzima. Mgongo uliochoshwa na kazi kwa kawaida unapata nafuu mtu akilala. Mgongo wenye kansa unaweza kuuma hata katika kitanda, na unazidi wiki kwa wiki.

Mgongo wa namna hiyo usikandwe wala usivutwe. Mfupa unaweza kuvunjika. Na kama miguu inaanza kufa ganzi au kukosa nguvu, ama mkojo unakataa kutoka, ni hospitali siku ileile, hata usiku. Uti ukibanwa, kuchelewa siku moja kunaweza kumwacha mtu bila miguu. Vilevile mgonjwa wa manjano akishikwa na homa na kutetemeka, asingoje asubuhi.

Ilikuwaje kwa baba yule?

Hospitali waliona kwamba kansa ilikwisha kufika mifupani. Hawakumdanganya. Ndugu zake walianza kutaja jina la jirani, wakisema ni sumu. Walitaka kuuza shamba ili walipe mtu wa kuondoa sumu. Bibi yake alikataa, na alifanya vema. Hakuna jirani anayemtia mtu kansa hii.

Munganga walimwekea mrija mdogo ndani ya mfereji, nyongo ikapita, kuwasha kukapungua. Kwa mifupa alipewa morfini ya kunywa, kila saa 4. Watu wengi wanaogopa dawa hiyo. Lakini ikipimwa vizuri na munganga haiui mgonjwa, inamrudishia usingizi. Penye mashine ya mionzi, mfupa unaouma unaweza pia kuchomwa ili maumivu yapungue. Baba yule aliishi miezi 5. Alitengeneza karatasi za pensheni, aligawa vyombo vyake vya kazi kwa wanawe wawili, alikufa nyumbani kwake bila kulia kwa maumivu. Lakini kama macho yangetazamwa mapema, labda ningewaandikia habari nyingine.

Na kazini?

Mara nyingi hatujui kansa hii imetoka wapi. Hepatiti B na C zinaongeza hatari. Katika Thailand, mdudu wa ini anayepatikana katika samaki wabichi wa mtoni ameleta wagonjwa wengi. Tena kuna somo la atelie: mwaka 2012 huko Osaka, Japani, ilijulikana kwamba vijana waliosafisha mashine za kupiga chapa kwa dawa ya kuyeyusha wino, katika chumba kisichopitisha hewa, walipata kansa hii zaidi ya 10. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilitangaza kwamba dawa ile, 1,2-dikloropropani, inaleta kansa kwa watu.

Basi, ndugu zangu:

1. Usioshe vyuma wala mikono kwa dawa usiyoijua. Soma karatasi ya chombo, uliza mkuu wa usalama, fungua milango.
2. Watoto wapewe chanjo ya hepatiti B.
3. Macho yakiwa manjano, usinunue dawa sokoni. Njoo dispanseri siku hiyo.
4. Mgongo ukiuma usiku, useme hivyo. Usiseme tu «ni kazi».

Na ninyi mama, mnaomwona bwana asubuhi penye mwanga kabla ya munganga yeyote: tazameni macho yake.