Kiwambo Cheusi: Tarakilishi ya Kujiundia Inapokosa Picha

Mwanafunzi anayejiundia tarakilishi kutokana na vipuri hufikia dakika ya hofu: anabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kiwambo kinabaki cheusi. Wengi hukata kauli papo hapo kwamba ubaomama umeungua, wakakimbilia kununua mwingine. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kuzunguka kwa feni huthibitisha jambo moja tu: umeme umefika. Ili picha itokee, kichakataji, kumbukumbu na kadi ya michoro sharti viitikiane kwanza. Kwa hivyo, uchunguzi uanzie kwa yasiyogharimu kitu.

Kwanza, hakikisha kiwambo kimewashwa na kebo imekazwa. Ikiwapo kadi ya michoro, kebo ichomekwe humo wala si kwenye ubaomama, kwani baadhi ya vichakataji haviwezi kutoa picha vyenyewe.

Pili, zima mtambo, chomoa waya wa umeme, kisha utazame plagi ya pini 4 au 8 inayolisha kichakataji. Hii husahaulika mara nyingi; ikikosekana, feni huzunguka bure.

Tatu, chomoa vibao vyote vya kumbukumbu, urudishe kimoja tu na kukikandamiza hadi vibanio vifunge. Ubaomama ukitoa milio, ihesabu. Maana yake hupatikana katika kijitabu chake.

Badilisha jambo moja kwa kila jaribio, la sivyo hutatambua kiini cha hitilafu. Huenda plagi moja iliyolegea ndiyo iliyokaribia kukugharimu ubaomama mzima.