Ua la manjano la Ruwenzori na maji ya Beni

Mutu akitoka Butembo kwenda Beni anaona maua ya manjano pembeni ya barabara. Ni alizeti-mwitu, ile ambayo wakulima wanakata majani yake kwa kurutubisha shamba. Wengi wanazani ni mmea wa hapa. Hapana, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Jamaa yake, mzalia wa eneo hili, anaishi juu sana: mlimani Ruwenzori, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoundwa mwaka wa 1925.

Wataalamu wanauita Dendrosenecio, yaani senesio kubwa. Ni wa familia moja na alizeti na pareto, lakini wenyewe umekuwa mti, unaweza kupita mita 5. Mwenye kupanda kupitia Mutwanga anakuta kwanza msitu, kisha mianzi, kisha erika, na juu zaidi ndipo senesio na lobelia.

Huko mchana jua ni kali, usiku maji yanaganda. Senesio inajikinga. Majani ya juu yanajifunga usiku kulinda chipukizi. Majani yaliyokufa hayaanguki, yanabaki kuzunguka shina kama koti. Ndani ya shina kuna akiba ya maji, kwa sababu asubuhi mizizi haiwezi kunywa kwenye udongo ulioganda. Inakua polepole, na haichanui kila mwaka. Njo maana ikikatwa ao ikiungua, pengo linabaki miaka mingi.

Hiyo inahusu nini wakaaji wa chini? Maji. Mto Butahu unatoka huko, unapita Mutwanga na kuingia Semuliki. Wengi wanafikiri ni theluji inayoyeyuka. Kumbe theluji inatoa sehemu ndogo tu. Maji mengi ni ya mvua, inayoshikwa na msitu na matope ya juu, kisha inaachiliwa polepole hadi kiangazi.

Barafu yenyewe inaisha: mwaka wa 1906 ilifunika zaidi ya kilometa 6 za mraba, leo haifiki 1. Joto likipanda, mimea ya chini nayo inapanda, na senesio haina pa kuhamia. Kilele ni mita 5,109, kisha ni anga.

Hakuna mukaaji wa Beni anaweza kurudisha barafu. Lakini moto, makala na mashamba yanayoingia ndani ya hifadhi, hayo yako mikononi mwa watu.