Chupa ya Mto Kawa

Kijana anayetaka kuandika hadithi ya kisayansi kuhusu wanadamu wasioweza kuishi bila mashine huanza, mara nyingi, na roboti. Roboti anamzidi akili aliyemuunda, anatwaa mji, watu wanakimbilia msituni. Rasimu za namna hiyo nazisoma kwa heshima, kisha namwomba mwandishi tushuke pamoja hadi mto Kawa.

Kawa unapita ndani ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kumwaga maji yake Ziwa Kivu. Mvua ikinyesha kule juu Kadutu, mitaro inashuka na kila kilichotupwa: mifuko, kandambili, chupa za plastiki. Chupa zinaelea mpaka ziwa linapogeuka kuwa mto Ruzizi, na mto unazisukuma hadi bwawa la Ruzizi I, pale Mururu, lililojengwa miaka ya 1950. Zinakwama hapo. Takataka zikirundikana, maji hayafiki vema kwenye turbini na mashine inalemewa. Wapiga mbizi huzama mbele ya bwawa wakazitoe kwa mikono. Mjini, wakati huo, friji ya mama muuza maji baridi imezimika. Maji anayouza yamo ndani ya chupa zilezile.

Hiyo ndiyo hali yetu ya kutegemea teknolojia, na mwandishi wa Bukavu anaweza kuifuata kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho wake. Wenzake wa miji mingi hawana bahati hiyo.

Mhakiki Darko Suvin, katika kitabu chake cha 1979, alieleza kwamba hadithi ya kisayansi husimama juu ya kitu kipya kimoja: ulimwenguni mwetu hakipo, lakini akili inakikubali, na mengine yote yanabadilika kwa sababu yake. Kimoja kinatosha. Tuseme mwaka 2060 bwawa linalindwa na mashine inayotambua kila chupa imetoka komuni gani, na inagawa umeme kwa kadiri ya usafi: Ibanda, Kadutu, Bagira. Sasa uliza. Nani anabeba taka zake usiku akazitupe kwenye mtaro wa jirani? Muuguzi wa zamu ya usiku katika komuni iliyohukumiwa giza anamweleza nini mama aliyekuja kujifungua?

E. M. Forster aliandika mwaka 1909 hadithi ya watu waishio chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wakilelewa na Mashine. Ilipokufa, nao wakafa. Hadithi inatisha kwa sababu wao hawakujua maisha mengine. Msomaji wa Bukavu ana babula ya kupikia, ana mkaa, ana tochi, ana jirani wa kumgongea mlango. Umeme kukatika hakumtikisi.

Kinachomtikisa ni mashine nzima, isiyo na kasoro, ambayo swichi yake iko mkononi mwa mtu asiyemwona. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa muda wa siku 20 hivi. Simu zilikuwa na chaji, minara ilikuwa imesimama. Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu, benki zilifungwa. Mtu aliweza kuona fedha yake kwenye kioo cha simu huku noti za kununulia unga zikitafutwa kwa taabu. Mwandishi akae hapo, kwenye kile kidole kinachogusa kioo, wala asikimbilie roboti.

Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, inafanyika Burundi, ng'ambo ya Ruzizi huuhuu. Inaanzia kwa wachimbaji wa koltani, madini yaingiayo kwenye simu, kabla simu haijawa simu. Naipenda kwa uamuzi huo.

Kwa hiyo ule mwaka 2060 nauanzia kwa mpiga mbizi. Yuko chini, maji ni meusi, chupa iko mkononi. Mashine inahesabu zinazotolewa tu. Anaigeuza chupa, anapapasa maandishi kwa kidole, na anatambua imetoka mtaro wa nyumba yao.